Mstari wa Nne wa Karatasi ya Mzee Lameck

Jumamosi, mchana. Kilindoni.

Mvua inanyesha tangu alfajiri. Si ya kishindo, ni ya rasharasha, inakuja na kwenda kama mtu aliyesahau kitu ndani. Mwanangu Neema amelala. Nimekaa kitandani na simu mkononi, chaji imebaki kidogo, na sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye karatasi.

Asubuhi Mzee Lameck alipita hapa. Huyu ndiye mzee wa kanisa letu, ndiye anayeongoza ibada zile Jumapili ambazo Mchungaji hayupo, na Mchungaji huvuka kutoka bara mara moja tu kwa mwezi. Hakuingia ndani kwa kuwa mume wangu yuko safarini. Alisimama kibarazani, mwavuli wake unachuruzika maji, akanipa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili.

"Kesho Mchungaji yupo," alisema. "Utasimama mbele, utasoma hii, tutakuombea, yataisha. Nimekuandikia herufi kubwa kubwa ili usihangaike."

Nikamwambia asante mzee. Na nilimaanisha. Hilo la herufi kubwa liliniuma kidogo, maana darasa la saba nilimaliza na kusoma najua, lakini nilimaanisha.

Nataka yaishe.

Ni wiki ya tatu sasa nakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Hakuna aliyeniambia nikae pale. Nilipoingia Jumapili ile ya kwanza, akina mama wakasogea wakajaza benchi, nami nikaelewa. Alhamisi ni siku yetu ya maombi ya wanawake, tunazunguka nyumba kwa nyumba. Alhamisi tatu zimepita, hakuna aliyenipigia kuniambia wako nyumba gani. Na juzi sokoni, kwenye samaki, mama mmoja wa kanisani ambaye kwa umri angeweza kunizaa aliniinamia kidogo mbele ya watu akasema, "Shikamoo mama mchungaji." Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, ili ionekane ni utani. Nilirudi nyumbani bila samaki.

Mtu ambaye hajaishi kisiwa hiki akiwa mtu wa bara hawezi kuelewa. Majirani zangu ni Waislamu, ni watu wema, wananipa hata moto wa kuwashia jiko. Lakini Krismasi yangu hawaijui, na wimbo ninaouimba nikifua hakuna wa kuuitikia. Watu wa kanisa letu, ukitoa watoto, hatufiki ishirini na tano. Wale ndio shangazi zangu, ndio dada zangu, ndio kwetu. Wakisogea wakajaza benchi, sina pengine pa kwenda.

Sasa niseme nilichofanya, maana hata hapa kwenye blogu sijawahi kukiandika chote.

Rafiki yangu Eliza alijifungua mtoto wa kike, akamwita Imani. Eliza ndiye mtu wa kwanza kunikaribisha nilipofika Mafia, ndiye aliyenifundisha kukuna nazi nisijikate. Imani aliishi siku mbili. Siku ya tatu asubuhi alikuwa ameshaondoka.

Mume wa Eliza hununua dagaa kwenye kambi za wavuvi huko kaskazini, na simu yake ilikuwa haipatikani. Kanisani kwetu wanaume wazima ni watano tu. Huyo ni mmoja. Wa pili ni mume wangu, fundi wa mashine za barafu, yuko Dar kwenye mafunzo mwezi wa pili huu. Wa tatu, mwalimu, alikuwa likizo kwao. Wa nne, askari, alikuwa kapangiwa zamu nje ya kisiwa. Mzee Lameck mwenyewe alikuwa kavuka bara kumuaga binti yake anayeolewa. Nilimpigia yeye. Alihuzunika sana, nilimsikia. Kisha akasema, "Msubiri. Keshokutwa nitakuwa hapo."

Keshokutwa. Kwa joto hili. Na mama mtu kalala chumba hichohicho na mtoto, maziwa yamemjaa, amejifunga kanga kifuani kwa nguvu mpaka anahema.

Hapa kwetu nimepanga kwa Bi Mwanaidi na mumewe, Mzee Shomari, seremala. Hakuna aliyewaomba kitu. Mzee Shomari aliposikia, alichonga kijisanduku kwa mbao za mlango wa mtu, akasema mlango utasubiri. Vijana wa mtaani wakaenda kuchimba. Mpaka saa tisa mchana kila kitu kilikuwa tayari, na Mzee Shomari akaja mlangoni kwa Eliza, kofia mkononi.

"Sisi tutambeba mpaka pale na tutamfukia," alisema kwa upole. "Lakini dua ni yenu. Hatuwezi kuwaombea kwa namna isiyo yenu. Nani anakwenda?"

Tulikuwa wanawake saba wa kanisa mle ndani. Tukatazamana. Mmoja akasema pengine tuimbe tu hapahapa, wao wakamzike. Mwingine akasema mwanamke hazikishi, haongozi mazishi. Ni kweli, kwetu hazikishi. Na kwa desturi ya hapa kisiwani mwanamke hafiki hata makaburini, anabaki nyumbani na wafiwa. Kwa hiyo kwa upande wowote nilioutazama, mlango ulikuwa umefungwa.

Eliza akaniita. Hakuniita kwa kunililia. Aliniita kama anavyoniita siku zote akitaka nimshikie kitu.

"Mama Neema. Nenda wewe. Asiende peke yake."

Nilimkabidhi Neema kwa Bi Mwanaidi. Aliniangalia, akanifunga ushungi vizuri, akasema, "Sisi huku hatufiki kule, mwanangu, lakini nyinyi mna yenu. Nenda, ukanyage taratibu, kuna mizizi."

Nilienda. Mwanamke mmoja nyuma ya wanaume tisa.

Pale kaburini walishusha kijisanduku, wakarudi nyuma hatua chache. Wakaningoja mimi. Nilikuwa na Biblia lakini mikono ilikataa kufungua kurasa. Maneno ya mazishi, yale anayosema Mchungaji ya mavumbi, sikuyakumbuka hata moja. Kilichonijia ni maombi ya mama yangu, yale aliyokuwa akituombea tulipokuwa wadogo akishatufunika shuka. Ndiyo hayo hayo ninayomwombea Neema. Nikasema hayo.

Bwana, huyu mdogo amelala. Mfunike. Usiku ukiwa mrefu, usiondoke. Akiamka, akukute.

Basi. Maneno hayo tu. Nyuma yangu wanaume wakaitikia, "Amin."

Mzee Lameck aliporudi akasikia. Alikuja na Biblia na hasira ya polepole, ile ambayo mtu hapandishi sauti. Kwamba nimechukua nafasi isiyo yangu. Kwamba mwanamke amewekewa mpaka wake. Kwamba hata maneno yenyewe hayakuwa ya mazishi, yalikuwa ya kulaza watoto, na walioitikia si Wakristo. Mwisho akasema, "Huu ni ufeministi mnaokula kwenye masimu yenu."

Nitakiri kitu. Neno hilo nililisikia redioni kabla ya kulisikia kwake, na mpaka leo sijui kama ni langu. Nimewahi kusoma mabishano ya watu mtandaoni, wanawake wa mjini wenye shahada wanatukanana na wanaume wenye shahada, nikazima simu kwa sababu sikuona pa kukaa mule. Mimi naamini mume ni kichwa cha nyumba. Namheshimu Baba Neema na yeye ananiheshimu, hatujawahi kushikana mashati kwa hilo. Sitaki kumpiku mtu. Sitaki kuhubiri, hata nikipewa.

Lakini siku ile sikukuta mwanaume pale nikamsukuma. Nafasi ilikuwa tupu. Na ndani ya ile nafasi kulikuwa na mtoto.

Barua ya Paulo ipo, pale anapotaka wanawake wanyamaze kwenye kusanyiko. Siwezi kuibandua kwenye Biblia kwa sababu imenichoma. Nimeisoma tena na tena wiki hizi. Kisha nikasoma kule mwisho wa barua yake kwa Warumi, na Paulo huyohuyo anawasalimia wanawake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, akianza na kumsifia Foibe kwa kazi yake kanisani. Sina elimu ya kuziweka barua hizi mbili sawa. Nimeziacha zote mbili wazi mezani kama watoto waliogombana.

Anayenifariji zaidi ni Hana, mama yake Samweli. Alisali hekaluni midomo ikicheza tu bila sauti, na kuhani akamwona amelewa. Kuhani mzima, mtu wa Mungu, akakosea kumtambua mwanamke anayesali. Siku ya wanawake kila mwaka tunahubiriwa yule mke wa Mithali anayeamka kabla ya jua. Hana huyu wa kudhaniwa mlevi sijawahi kuhubiriwa. Na cha ajabu, hakumtukana yule kuhani. Alimjibu kwa adabu kwamba hakulewa, ana uchungu. Lakini alimjibu.

Haya. Nirudi kwenye karatasi.

Mzee Lameck alipoondoka nilimpigia Baba Neema, nikamsomea. Kulikuwa na kelele za mashine kule.

"Soma tu, mama, yaishe," aliniambia. "Karatasi haiumi."

"Kwa hiyo unaona nilikosa?"

"Sijasema ulikosa. Nimesema uko peke yako huko, na mimi siko. Sitaki ukae hivyo mpaka nirudi."

Ananipenda, ndiyo maana alisema vile. Nikaamua, nitasoma. Kwa kweli nilifurahi kuwa nimeamua. Nikafikiria Alhamisi, wamama wamejaa kwenye mkeka wangu, chai ya tangawizi, watoto wanapigana kibarazani. Nikaanza kupanga nitapika nini.

Nikakaa kufanya mazoezi ya kusoma, maana sikutaka kukwama mbele ya watu. Neema alikuwa sakafuni na mfuniko wa sufuria. Karatasi ina mistari minne.

Wa kwanza: Mimi dada Stela, mbele za Mungu na kanisa lake, nimekuja kutengeneza kosa langu.

Wa pili: Nilisimama mahali pa mtumishi nami sikuwekewa mikono wala sikutumwa.

Wa tatu: Waliokwazika naomba wanisamehe.

Wa nne: Na yale niliyoyatamka makaburini hayakuwa maombi, yahesabike kuwa si kitu.

Mara ya kwanza nilisoma sauti tu, kama mtoto wa shule. Mara ya pili niliangalia pa kupumzikia. Mara ya tatu nilipofika wa nne nikajisikia mwenyewe.

Yahesabike kuwa si kitu.

Maana yake nini? Maana yake Imani alifukiwa kama anavyofukiwa paka. Maana yake wanaume tisa walisimama wakaitikia upepo. Na Eliza atakuwa amekaa pale kanisani, benchi la tatu, atanisikia mimi, kwa mdomo wangu, nikimwambia mtoto wake hakuombewa.

Mistari mitatu ni yangu, naweza kuibeba hata kama ni mizito. Huu wa nne si wangu. Ni wa Eliza, na mimi ndiye natakiwa kumnyang'anya.

Mvua ilipopungua nilimbeba Neema mgongoni nikaenda kwake. Bi Mwanaidi alinipigia kelele kutoka jikoni, "We mtu wa bara, mvua haijaisha imekwenda kuchota tu, unamtoa mtoto?" Nikamwambia ni hapo kwa Eliza. Akaniletea mwavuli wake mwenyewe bila kuuliza.

Eliza alikuwa anachambua choroko uani, chini ya bati. Mume wake alisharudi, akakaa wiki moja, ameondoka tena. Alimchukua Neema akampakata kabla hata sijakaa. Hilo hufanya kila mara, na kila mara huwa sijui nitazame wapi.

Nilimwambia kuna karatasi. Akasema anajua.

"Mzee Lameck kanipitia hata mimi. Kaniambia nisihuzunike, eti Mchungaji atakwenda pale kesho baada ya ibada, ataomba upya, kwa utaratibu."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia mtoto wangu halazwi mara mbili." Aliokota kijiwe kwenye choroko akakirusha uani. "Akanisomea mstari wa Biblia. Nikampa maji ya kunywa."

Tukacheka kidogo. Kicheko cha kwanza tangu siku ile, nadhani, kwetu wote wawili. Kisha akawa mzito.

"Lakini wewe soma, Mama Neema. Mimi mume wangu anasema mwakani tunahamia kwao. Wewe unabaki hapa na hawa watu. Usitengwe kwa ajili yangu."

"Na ule mstari wa mwisho?"

"Nitaziba masikio."

Alisema kama utani, lakini mikono ilikuwa imeacha kuchambua. Alikuwa anayashika masikio ya Neema, yale madogo, kwa vidole viwili viwili.

Nikamuuliza, "Eliza, siku ile ulivyonituma, ulijua sijui maneno?"

"Nilijua. Hata ombi la kushukuru chakula unachanganyaga."

"Sasa kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wengine walikuwa wananitazama mimi. Wewe ulikuwa unamtazama mtoto."

Nilimsaidia choroko mpaka zikaisha, nikarudi.

Sasa nimerudi, Neema kalala, na ninaandika haya nikijua wanaosoma blogu hii hawafiki idadi ya benchi moja. Sawa. Pengine kati yenu yupo aliye kisiwa kingine, kanisa lingine dogo, na karatasi yake. Sijui.

Simchukii Mzee Lameck. Nataka hilo liandikwe. Mimi nilipoumwa malaria na mimba ya Neema, yeye na mkewe walinilaza kwao siku nne. Anaogopa kanisa dogo kama letu likilegezwa kamba moja litasambaa. Labda naye yuko mpweke kuliko anavyoonyesha. Lakini amekosea. Mtu mwema anaweza kukosea, na mimi kukaa kimya ili asijisikie vibaya siyo utii. Nimefikiria sana leo kama ni utii. Mariamu wa Magdala na wenzake walitoka kaburini alfajiri na habari, na wale wanaume wakaona ni maneno ya upuuzi. Hawakurudi kaburini kufuta walichokiona.

Kwa hiyo nimeamua tena, mara ya pili leo.

Kesho nitakwenda. Nitasimama watakaponiita. Nitasoma wa kwanza, wa pili na wa tatu, tena kwa moyo, maana ni kweli sikutumwa na kanisa, na kama kuna niliyemkwaza namwomba radhi. Kisha nitashusha karatasi. Mchungaji akisema malizia, nitamjibu kwa adabu. Nitasema, "Mchungaji, mtoto wa Eliza aliombewa. Mimi nilikuwepo."

Sijui baada ya hapo itakuwaje. Pengine atanielewa, ni mtu wa kusikiliza akiwa hajachoka na boti. Pengine nitazuiliwa Meza ya Bwana mpaka mwaka uishe. Pengine Alhamisi hazitarudi. Baba Neema sijamwambia bado. Nitamwambia jioni, na nadhani kwanza ataniuliza kama nimekula.

Bwana, kama ni mimi ninayekosea, nionyeshe taratibu. Nina mtoto mdogo na niko mbali na kwetu.

Nimesimama katikati ya chumba, nikajaribu kulitamka lile jibu kwa sauti, kama nitakavyolitamka kesho. Mara ya kwanza nililia. Ya pili nililia pia. Ya tatu nilifika mwisho.